Dodoma hadi Dodoma kupitia Babati na Singida: siku sita juu ya tairi nyembamba

Njia: Dodoma, Kondoa, Babati, Katesh, Singida, Manyoni, Dodoma. Karibu km 660, lami mwanzo hadi mwisho. Kipande cha Dodoma–Babati, km 251, ndicho kilichochelewa kupata lami. Kilizinduliwa mwaka 2018, na kabla ya hapo baiskeli ya mbio haikuwa na kazi huko. Sasa mzunguko unafungika. Milima ipo lakini haimzuii mtu aliyejiandaa. Kinachoamua kama utafika, na utafika saa ngapi, ni tairi ulizovaa na saa unayotoka. Mengine yanatengenezeka njiani.

Mwezi ni Agosti. Mvua za Dodoma huanza mwishoni mwa Novemba na kukatika Aprili, kwa hiyo Agosti lami ni kavu na alfajiri ina baridi ya kuvaa mikono mirefu. Lakini huu ndio msimu wa upepo wa kusini-mashariki. Unaamka na jua, unakuwa mkali kuanzia saa 4 asubuhi, na haulali mpaka jioni. Ratiba yote ya siku sita imepangwa kwa kuukwepa.

Baiskeli ni tatu. Ya kwanza fremu ya alumini, tairi za mm 28 na tyubu za kawaida. Ya pili ya chuma, tairi za mm 32, nazo zina tyubu. Ya tatu ya kaboni, mm 30, haina tyubu. Kila tairi lina ml 50 za maji ya kuziba matundu. Mzigo kilo 5 hadi 6 kwa kila baiskeli. Kwa mtu wa kilo 70 na mzigo huo, tairi za mm 28 zilijazwa psi 72 mbele na 78 nyuma. Za mm 32, 54 na 60. Zisizo na tyubu, 52 na 57. Wapo wanaojaza hadi 110 wakiamini tairi gumu ndilo linalokimbia. Kwenye lami ya kokoto tairi gumu linarukaruka, nguvu inaishia kwenye viganja na kiuno, na kila chenye ncha kinakuta mpira umevutika tayari kutoboka.

Tyubu za akiba ni mbili kwa kila mtu, hata kwa asiyetumia tyubu. Hili halina mbadala njiani. Fundi wa mji mdogo ana tyubu na tairi za inchi 26 na 28, na inchi 28 yake ni ya zile baiskeli nzito za mizigo: kipenyo cha pale tairi linapokaa ni mm 635, wakati cha 700C, saizi ya baiskeli za mbio, ni mm 622. Tairi lake halikai kwenye rimu yako hata ukilibembeleza. Tyubu yake ungeweza kuilazimisha, ila valvu nene inataka tundu la mm 8.5 na rimu ya Presta, ile valvu nyembamba ya baiskeli za mbio, ina tundu la mm 6.5. Kuichokonoa rimu ya kaboni ili iingie ni kuiua rimu. Beba pia kile kichwa kidogo cha shaba kinachogeuza Presta iingie kwenye bomba la kompresa ya mafundi wa bodaboda. Ni kidogo kuliko punje ya karanga, na ndicho kinachokuokoa dakika kumi za kusukuma pampu ya mkono juani.

Gia: meno 50/34 mbele na kaseti, yaani rundo la gia za nyuma, ya meno 11-34. Ukiwa na 11-28 utapanda, ila magoti yatadai siku ya tano.

Siku ya 1: Dodoma – Kondoa, karibu km 155

Kuondoka saa 11:30 alfajiri, taa mbele na nyuma. Agosti jua hutoka kama saa 12:40, hivyo saa nzima ni ya giza. Tahadhari ya kwanza ni Veyula, inapokatiza barabara ya mzunguko wa nje ya jiji, ile ya km 112.3. Malori ya ujenzi humwaga kokoto kwenye makutano ya namna hii, na kokoto juu ya lami gizani humwangusha mtu kwenye kona hata akiwa mwendo wa km 20 kwa saa. Makutupora inapitwa kabla jua halijachomoza. Hapa ndipo visima vinavyoinywesha Dodoma vilipo, na mashamba ya zabibu.

Barabara inaelekea kaskazini moja kwa moja, upepo unatoka kulia na nyuma kidogo. Msaada wake ni mdogo, hatari yake ni kubwa. Ukiendesha kushoto kwa sheria yetu, lori linalokupita linakuja upande ule ule unaotoka upepo. Linapofika ubavuni linaukata upepo ghafla. Mwili uliokuwa umeegemea kulia unakosa cha kuegemea na baiskeli inasogea kulia, kuelekea magurudumu ya lori. Likishapita, upepo unarudi kama kofi na kukutupa kushoto. Dawa yake: usikilize muungurumo, shusha mikono kwenye pembe za chini za usukani, legeza viwiko, na jipatie nafasi ya angalau mita moja kutoka ukingo wa lami kabla lori halijafika, ili uwe na pa kusukumiwa. Anayeng'ang'ania ukingo ndiye anayeishia kwenye changarawe.

Uzuri wa upepo wa kulia ni kwamba mnaweza kujipanga mshazari. Mvutaji, yaani aliye mbele akikata upepo, anakaa kulia kidogo, wa nyuma yake anajificha upande wake wa kushoto, ambao ni upande wa bega la barabara. Zamu za dakika tatu tatu zinatosha.

Baada ya Mayamaya vijiji vinaachana. Lita mbili na nusu za maji kwa kila mtu kutoka hapo hadi Haneti si nyingi. Kiasi kilichotumika: ml 700 kwa saa kabla ya saa 3, lita moja kwa saa baadaye. Maji matupu hayatoshi. Kwa kila lita: vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi. Ni kipimo kile kile cha zahanati cha mtu anayeharisha, na kinafaa kwa sababu ile ile: sukari na chumvi vikiwa pamoja utumbo unafyonza maji haraka. Usizidishe chumvi. Haneti kuna chai, chapati na maharage. Chapati mbili na chai ya sukari zinakuvusha saa moja na nusu.

Pancha ya kwanza ilitokea muda mfupi baada ya Haneti, mm 28, nyuma. Haikuwa mwiba. Tairi za malori zikipasuka njiani huacha vipande vyeusi kando ya lami, na ndani ya kila kipande mna nyuzi za chuma nyembamba kama unywele. Zinachomoka, zinalala kwenye bega la barabara, hazionekani. Waya ukiingia kwenye tairi hautoi upepo mara moja. Unazama kidogo kidogo kwa kila mzunguko wa gurudumu mpaka unaigusa tyubu, na unaweza kugundua km 10 kutoka pale ulipouokotea.

Namna ya kuutafuta: kabla ya kutoa tyubu, weka alama pale valvu ilipo dhidi ya maandishi ya tairi. Jaza tyubu, ipitishe karibu na mdomo wa juu, ambao husikia upepo kuliko kidole. Tundu ukishalipata, rudisha tyubu kwenye alama. Mkosaji yuko hapo kwenye tairi au upande wa pili uliopimwa kwa urefu ule ule. Ndani ya tairi usipitishe kidole kikavu haraka haraka. Pitisha kipande cha pamba au kitambaa cha sufi, nacho kitanasa nyuzi zake kwenye ncha. Kikinasa, likunje tairi nje-ndani pale pale. Ncha inajitokeza, nusu milimita, inang'aa kama jicho la sindano. Koleo ni nene mno. Kibano kile cha kutolea nyusi ndicho chombo. Shika, vuta wima, usipindishe, maana ukikatika ndani utatoboa tyubu ya pili na ya tatu. Waya wa siku hii ulikuwa na urefu wa mm 6. Tyubu mpya, psi 78, dakika 14 zote.

Anayebadili tyubu bila kuutafuta waya anajipangia kusimama tena kabla ya Kelema.

Kondoa ilifikiwa saa 8 mchana kasoro.

Siku ya 2: Kondoa – Babati, karibu km 96

Siku fupi yenye mlima wa kweli. Kutoka Kondoa njia inapanda kwenda Kolo, penye njia ya kuingilia michoro ya miambani iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Njia ya kwenda kwenye miamba yenyewe ni ya mawe. Baiskeli ziache mahali salama Kolo na mwende kwa gari au miguu. Makorongo mekundu yanayoonekana kando ya barabara ni kovu la mmomonyoko uliowafanya watu waanzishe mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma mwaka 1973. Vipande vingi vimeota miti tena.

Kupanda Bereko kunataka subira. Gia 34 mbele, 28 hadi 34 nyuma, mizunguko ya pedeli 70 kwa dakika, kukaa kwenye siti. Kusimama juu ya pedeli ukiwa na mkoba nyuma kunaitikisa baiskeli nzima, na mkoba usiofungwa vizuri unaanza kula rangi ya bomba la siti. Ukanda wa tyubu chakavu, upana wa sentimita mbili, ukizungushwa mara mbili unaumaliza mtikisiko huo. Ndio ule ule unaofungia magunia ya mkaa, na hakuna cha dukani kinachoushinda.

Kuteremka kwenda Bonga ni zawadi na mtihani kwa pamoja. Fremu ya alumini ina breki za rimu. Breki za rimu zikishikwa mfululizo zinachemsha rimu, na joto linapanda kwenye tyubu. Ndiyo maana zile tyubu nyepesi za plastiki zinazouzwa siku hizi hazifai kwenye breki za namna hii. Bana kwa nguvu sekunde mbili, achia sekunde tatu, mbele na nyuma kwa pamoja, uwe umeshapunguza mwendo kabla ya kuingia kona. Karibu na makazi kuna rasta, zile mistari ya lami iliyoinuliwa kwa safu. Kwa gari ni onyo, kwa tairi nyembamba ni nyundo. Inuka kidogo kwenye siti, magoti na viwiko vilegee, pedeli ziwe sawa, usishike breki juu yake. Chupa mbili ziliruka kutoka kwenye vishikio siku hii. Ukanda wa tyubu tena.

Jioni Babati, kukaza skrubu zote. Rasta zilikuwa zimelegeza vishikio vya chupa na skrubu moja ya kiatu. Newtonmita 5 kwa usukani, 5 hadi 6 kwa siti ya kaboni. Asiye na kipimo akaze mpaka spana fupi ikatae kwa vidole viwili, asitumie kiganja.

Siku ya 3: Babati – Katesh, karibu km 75

Nusu siku. Tambarare hadi Dareda, halafu barabara inapanda. Hanang wenye mita 3,420 unaonekana saa nzima kabla hujaufikia, na ukiwa karibu upepo unapoteza mwelekeo: unazunguka mlima na kukujia kutoka popote. Rimu zenye kina kirefu cha mm 50 hazina raha hapa. Mm 30 zinatosha mzunguko wote. Makorongo yanayotoka mlimani hubeba mchanga. Maporomoko ya tope ya tarehe 3 Desemba 2023 yaliishukia Katesh na kuua watu wengi, na msafiri anayepita apite kwa heshima.

Hakuna pancha. Kuosha minyororo jioni.

Siku ya 4: Katesh – Singida, karibu km 90

Upepo kutoka kushoto na nyuma, siku nyepesi kuliko zote. Km 31 kwa saa bila jasho la kutisha.

Kazi ilikuwa kwenye mnyororo. Vumbi la kati ya Katesh na Singida ni laini kama unga, na fundi yeyote kwa nia njema atataka kukupakia oili ya injini. Mkatalie kwa adabu. Oili nzito inakamata vumbi na kufanya tope la kusagia, nalo linakula pini za mnyororo kutoka ndani. Mafuta ya cherehani yanapatikana kila duka la vitu vidogo. Tone moja kwenye kila kiungo upande wa ndani, zungusha pedeli kinyume mara ishirini, subiri dakika kumi, kisha futa nje kwa kitambaa mpaka kitambaa kitoke kisafi. Mnyororo unaong'aa mafuta nje umepakwa vibaya. Mafuta haya hayadumu zaidi ya km 150, kwa hiyo ni kazi ya kila jioni.

Singida mjini, mawe makubwa ya matale pande zote na Ziwa Singidani pembeni. Kuku wa kienyeji na ugali. Mwili baada ya siku nne unataka protini na chumvi, na mchuzi una vyote viwili.

Tairi lisilo na tyubu lilikutwa limeshuka usiku. Mbigili. Miiba yake mitatu ilikuwa imezibwa vizuri na maji ya kuziba. Wa nne ulikuwa kwenye ubavu, ambapo mpira ni mwembamba na unacheza, tundu likawa linafunguka upya. Ndani kulibaki kama ml 20 tu za maji yale, mengine yamekauka. Kwa hewa kavu ya Kanda ya Kati usihesabu miezi mitatu iliyoandikwa kwenye chupa. Ongeza ml 30 kila baada ya wiki sita. Kiraka cha ndani kilibandikwa ubavuni: kwaruza kwa msasa, futa, gundi nyembamba, subiri dakika tano mpaka isinate kidoleni, bandika, gandamiza kwa mgongo wa kijiko.

Siku ya 5: Singida – Manyoni, karibu km 120

Kusini. Upepo sasa uko kushoto na mbele, na hapa hesabu ya siku ya kwanza inageuka. Kivuli cha upepo kiko kulia kwa mvutaji, yaani katikati ya njia ya magari. Barabara hii inabeba malori ya Rwanda, Burundi na Kongo. Msijipange mshazari. Mstari mmoja, kila mtu sentimita 50 nyuma ya gurudumu la mwenzake, na mkubali kwamba mtafaidi nusu tu ya kivuli. Kila mwenye tamaa ya kujificha zaidi anajikuta anasogea kulia bila kujua, kwa hiyo wa mwisho kwenye mstari ndiye mwenye kioo na ndiye mwenye sauti: "Lori nyuma!" Neno moja, mapema.

Ikungi saa 1:30 asubuhi, uji na maandazi. Ikungi hadi Issuna, karanga za kuchemsha mfukoni. Kuanzia saa 4 mwendo ulishuka hadi km 19 kwa saa kwa nguvu ile ile. Mtu akitazama saa ya mwendo wakati huu anavunjika moyo na kujilazimisha; atazame mapigo ya moyo au asikilize pumzi. Kama hawezi kusema sentensi nzima, anatumia akiba ya kesho.

Siku ya 6: Manyoni – Dodoma, karibu km 127

Siku iliyoogopwa tangu mwanzo. Mwelekeo ni mashariki na kusini kidogo, yaani usoni kabisa mwa upepo, na njia inashuka ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Kintinku, inapita tambarare ya Bahi iliyo chini sana, kisha inapanda tena hadi mita 1,100 na zaidi za Dodoma. Kuondoka saa 10:45 usiku. Ni mapema, na si la kujadili. Kila kilomita inayoendeshwa kabla ya saa 3 ina thamani ya mbili za baadaye.

Lakini mteremko wenyewe usishukwe gizani. Simameni juu mpaka mwone lami kwa macho, kwa sababu mahali malori mazito yanapotambaa na kushika breki lami inafinyangwa na kuacha mifereji miwili ya magurudumu, na kati yake tuta. Tairi la mm 28 likiingia kwenye mfereji halitoki kwa kukata usukani; likilazimishwa linateleza kwenye ukuta wa mfereji na mtu anaanguka upande wa magari. Chagua mstari wako mapema, juu ya tuta la kati au nje kabisa ya mfereji wa kushoto, na ubaki humo. Ukishaingia, usipambane. Punguza mwendo, subiri pale mfereji unapokuwa kina kifupi, toka kwa mshazari mrefu.

Kintinku jua limetoka. Bahi, wali na samaki wa bwawani saa 2 asubuhi, na kila mtu akala kuliko alivyotaka. Kutoka hapo hakuna siri: mstari mmoja, zamu za dakika moja tu, maana upepo wa usoni unamchosha mvutaji kwa haraka na zamu ndefu zinaua kundi. Anayemaliza zamu asogee kushoto na kulegea, asipunguze kwa breki. Anayeingia mbele asiongeze mwendo. Hilo la pili ndilo kosa linalovunja makundi mengi. Mtu ana hamu ya kuonyesha kwamba yupo, anaruka km 3 kwa saa juu, na aliyetoka kuvuta anaachwa palepale.

Pancha mbili kabla ya Nala. Waya mwingine kwenye mm 28, na mwiba wa mgunga urefu wa sentimita 2 kwenye mm 28 hiyo hiyo, baada ya kusimama kivulini nje ya lami. Baiskeli ibebwe begani kutoka lami hadi kivulini. Isikokotwe.

Dodoma mjini saa 6:20 mchana.

Hesabu ya tairi kwa siku sita: mm 28 pancha tatu, mm 32 hakuna, isiyo na tyubu moja. Tairi zote zilivuliwa jioni hiyo na kupitishwa kitambaa cha sufi ndani. Kwenye mm 32 kulikutwa nyaya mbili, zimelala ndani ya mpira mnene bila kufika kwenye tyubu. Zilingojea safari nyingine. Minyororo ilipimwa kwa rula ya chuma, pini hadi pini, viungo kumi na viwili kamili: mpya ni mm 304.8, wa kutupwa ni 306.3. Wa chuma 305.1, wa kaboni 305.3, wa alumini, uliopakwa oili ya injini siku ya kwanza kwa kusahau, 306.